Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kutabiri Hatua Itakayoamua Mbio za Baiskeli za Wiki Tatu

Julai 2022 waandaaji wa Tour de France walipanga siku mbili ngumu za Alps zifuatane. Hatua ya 11 iliishia Col du Granon, mlima ambao mbio hizo zilikuwa hazijaukanyaga tangu 1986. Hatua ya 12 iliishia Alpe d'Huez, tena tarehe 14 Julai, sikukuu ya taifa la Ufaransa. Mazungumzo yote yalikuwa ya Alpe d'Huez. Matokeo yake: Granon ilimpokonya Tadej Pogačar jezi ya njano, ya anayeongoza kwa jumla ya muda wa hatua zote, na kumpa mpinzani wake Jonas Vingegaard, aliyemwacha kwa dakika 2 na sekunde 51, na kesho yake, pale Alpe d'Huez, wawili hao walifika pamoja, bila tofauti ya hata sekunde.

Hadithi hiyo inajirudia karibu kila mwaka kwa sura tofauti. Hatua maarufu inapigiwa debe, hatua nyingine inafanya kazi. Ukitaka kutabiri, anza na watu kabla ya milima: nani ana nguvu kuliko nani, kwa kiasi gani, na nani hana budi kuthubutu. Njia inatoa nafasi tu. Hali ya wapinzani ndiyo inayochagua ni nafasi ipi itatumika. Mwongozo huu unafaa kwa Giro d'Italia, Tour de France na Vuelta a España, mbio zenye hatua 21 ndani ya takriban siku 23.

Kwanza: amua "kuamua" maana yake nini

Bila kipimo, kila mtu atadai alitabiri sawa. Kipimo ninachokiamini mimi ni hiki: futa hatua hiyo kwenye hesabu. Je, mshindi anabadilika?

Granon inapita mtihani huo. Vingegaard alipata dakika 2 na sekunde 51, pamoja na sekunde 10 za bonasi (hupunguzwa kwenye muda wake) kwa kushinda hatua, jumla dakika 3 na sekunde 1. Alishinda Tour nzima kwa dakika 2 na sekunde 43. Toa Granon, Pogačar anabaki mbele kwa sekunde 18. Bila shaka wangekimbia tofauti kama hatua hiyo isingekuwapo, lakini hesabu inatosha kukuonyesha uzito wake.

Sasa tazama 2023. Watu wengi wanakumbuka Courchevel, hatua ya 17, Pogačar alipoishiwa kabisa kwenye Col de la Loze na kupoteza dakika 5 na sekunde 45. Siku ya kuhuzunisha, lakini siku moja nyuma, kwenye mbio dhidi ya saa (kila mtu hukimbia peke yake, kwa zamu) za kilomita 22.4 kwenda Combloux, Vingegaard alikuwa ameshamwacha kwa dakika 1 na sekunde 38, baada ya wiki mbili ambazo zilikuwa zimewatenganisha kwa sekunde 10 tu. Futa Courchevel, Vingegaard bado anashinda. Kwangu mimi Combloux ndiyo iliyoamua, na Courchevel ikapiga muhuri. Kuna wanaobisha, nami nawaelewa, maana ukifuta Combloux peke yake Vingegaard anashinda vilevile. Ndiyo maana naongeza swali la pili pale hesabu inapogoma: ni baada ya hatua ipi ambapo mshindi hakuwahi tena kuwa hatarini?

Pili: punguza hatua 21 zibaki sita au saba

Pata orodha ya hatua na mchoro wa njia wa kila moja. Waandaaji huvitoa miezi kadhaa kabla. Hatua tambarare zinazotengenezwa kwa ajili ya wakali wa kasi za mwisho ziweke pembeni, ila usizitupe zile zinazopita pwani, kwenye madaraja marefu au mashamba yaliyo wazi. Hizo ziwekee alama ya upepo, tutazirudia. Ziwekee alama pia zile zenye barabara za mawe au changarawe: kwenye Tour ya 2014 Vincenzo Nibali alimwacha Alberto Contador kwa zaidi ya dakika 2 na nusu kwenye hatua ya 5 yenye mawe, huku Chris Froome akianguka na kujitoa siku hiyohiyo.

Hatua za vilima vya kati nazo huwa na sekunde chache: bonasi ya 10, 6 na 4 kwa watatu wa kwanza, mwanya mdogo hapa na pale. Zinapamba mbio, mara chache zinaziamua. Zilizobaki ni milima inayoishia kileleni, milima inayoishia bondeni, na mbio dhidi ya saa.

Tatu: usome mlima kwa hesabu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Chukua urefu wa mlima kwa kilomita, zidisha kwa asilimia ya mwinuko, zidisha kwa 10. Granon ina kilomita 11.3 kwa wastani wa asilimia 9.2, kwa hiyo unapanda takriban mita 1,040. Wakali wa milima, kwenye mlima mrefu baada ya siku ngumu, hupanda kama mita 1,700 kwa saa, wakati mwingine zaidi. Kwa kasi hiyo mlima huo unachukua kama dakika 36 na sekunde 42.

Sasa jiulize mpinzani ana upungufu kiasi gani. Wawili wanaokaribiana sana wanaweza kutofautiana kwa asilimia 1 au 2, yaani kama sekunde 20 hadi 45 kwa mlima mzima. Anayezidiwa kwa asilimia 5 anapoteza karibu dakika 2. Linganisha na kilichotokea: Pogačar alipoteza dakika 2 na sekunde 51, na Vingegaard alichomoka zikiwa zimebaki takriban kilomita 5 tu. Huwezi kupata mwanya huo kwa kuzidiwa kwa kawaida. Yule mtu alikuwa ameisha.

Tofauti hii kati ya kuzidiwa na kuishiwa ndiyo kiini cha utabiri wote. Kuzidiwa kunaleta sekunde, kuishiwa kunaleta dakika. Mlima wa mwisho peke yake humfanya mtu azidiwe. Kinachomfanya aishiwe ni kile kilichotangulia. Kwa hiyo macho yasiishie kwenye mlima wa mwisho. Angalia haya:

- Milima iliyotangulia. Je, kuna mlima mkubwa kilomita 30 hadi 60 kabla ya mwisho, mahali ambapo timu inaweza kuanza kazi mapema? Kabla ya Granon kulikuwa na Télégraphe na Galibier, na ni huko ambako Vingegaard na mwenzake wa timu Primož Roglič walimshambulia Pogačar kwa zamu, naye akajibu kila mara mwenyewe. Kila jibu lilikuwa na bei, na bei hiyo ililipwa saa moja baadaye.
- Kimo kutoka usawa wa bahari. Juu ya mita 2,000 hewa ni nyepesi na nguvu hupungua, lakini haipungui sawa kwa kila mtu. Galibier ina mita 2,642, Granon 2,413. Mtafute anayejulikana kuteseka huko juu.
- Ukali wa mwinuko. Kwenye asilimia 5 au 6 kasi ni kubwa, na anayejificha nyuma ya mwenzake bado anapata kinga ya upepo. Kwenye asilimia 9 na kuendelea kasi inashuka, kinga inakaribia kutoweka, na timu kubwa haimsaidii tena kiongozi aliyechoka.
- Umbali kutoka kilele cha mwisho hadi mstari wa kumalizia. Bonde refu tambarare baada ya kilele huwakutanisha waliotengana, isipokuwa aliye mbele ana msaidizi anayemsubiri. Hili tutaliona tena Italia.

Mlima mmoja mkali mwishoni mwa siku tambarare unavutia sana kwenye televisheni. Kwa kawaida unatoa sekunde 20 au 40, na watu wanakwenda kulala. Mimi naupa alama ndogo kuliko wachambuzi wengi wanavyoupa.

Nne: mbio dhidi ya saa zisikupite

Zinachosha kutazama, nakubali, lakini hazina pa kujificha. Kilomita 30 kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa ni dakika 36. Anayekwenda taratibu kwa asilimia 2 anapoteza sekunde 43, bila kuanguka wala kuishiwa. Kilomita zikifika 40 na tofauti ya uwezo ikiwa kubwa, unazungumzia dakika kadhaa. Jumlisha kilomita zote za mbio dhidi ya saa za mwaka huo kabla hujafanya kitu kingine. Zikiwa nyingi, wapanda milima wepesi wanalazimika kushambulia mapema, na hilo linabadilisha uwezekano wa kila hatua ya milimani.

Mahali pake kwenye ratiba ni muhimu kuliko urefu wake. Mbio dhidi ya saa za mwishoni zinawakuta watu wamechoka, na hakuna kesho ya kurekebisha. Mwaka 1989 Laurent Fignon aliingia siku ya mwisho ya Tour akiwa mbele kwa sekunde 50, kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris zikampa Greg LeMond ushindi wa sekunde 8. Mwaka 2020 Roglič alikuwa na akiba ya sekunde 57 kabla ya hatua ya 20, iliyopanda La Planche des Belles Filles, na Pogačar akashinda Tour nzima mbele yake kwa sekunde 59. Roglič mwenyewe alikuja kuonja upande mtamu kwenye Giro ya 2023: alikuwa nyuma ya Geraint Thomas kwa sekunde 26 kabla ya mbio dhidi ya saa za Monte Lussari, mnyororo ukamtoka katikati ya mlima, na bado akashinda Giro kwa sekunde 14.

Tano: pima nguvu za wanaopewa nafasi, kisha uchague aina ya mbio

Baada ya kuijua njia, waangalie watu. Tazama matokeo ya mbio fupi za maandalizi, hasa pale walipokutana ana kwa ana mlimani. Halafu amua ni mbio za aina gani.

Kama mmoja ana nguvu waziwazi kuliko wengine, hatua ya kuamua huja mapema kuliko watu wanavyodhani: mara nyingi ni mlima mkubwa wa kwanza unaoishia kileleni. Hana sababu ya kungoja. Tour ya 2025 ilikuwa na Mont Ventoux kwenye hatua ya 16 na Col de la Loze kwenye hatua ya 18, na hivyo ndivyo vilivyozungumzwa. Lakini Pogačar alimaliza kazi Hautacam, hatua ya 12, kwa kumwacha Vingegaard dakika 2 na sekunde 10. Ventoux iliwatenganisha kwa sekunde 2.

Kama wawili wanalingana, sogeza utabiri wako mbele kwenye ratiba, hadi wiki ya tatu: mbio dhidi ya saa za mwisho, au hatua ndefu ya milima mingi ambako uchovu unamkuta mmoja kabla ya mwenzake.

Kama kuna watatu karibu karibu, kuwa makini zaidi. Wawili hutazamana, wa tatu anaondoka. Kwenye Giro ya 2025, hatua ya 20, Isaac del Toro alikuwa na jezi ya waridi ya kiongozi, Richard Carapaz nyuma yake kwa sekunde 43, Simon Yates nyuma kwa dakika 1 na sekunde 21. Mbele yao kulikuwa na Colle delle Finestre, kilomita 18.5 kwa asilimia 9.2, sehemu ya juu ikiwa changarawe. Yates alichomoka. Del Toro na Carapaz wakawa wanasubiriana, kila mmoja akitaka mwenzake ndiye afukuze. Ng'ambo ya mlima, bondeni, Wout van Aert, mwenzake Yates wa timu, aliyetangulia na waliochomoka asubuhi alikuwa anamngoja Yates, akamvuta kwa kasi kuelekea Sestriere. Yates alifika zaidi ya dakika 5 mbele ya wale wawili. Ukiitazama njia peke yake ungesema Finestre iko mbali mno na mwisho. Ukiwatazama watu, na kumwona Van Aert kwenye kundi la mbele, ungeshtuka mapema.

Mlima huohuo, mwaka 2018, Chris Froome alianzia kilomita 80 kabla ya mwisho akiwa nyuma kwa dakika 3 na sekunde 22. Alivaa waridi jioni ile, na Simon Yates, aliyekuwa kiongozi, akapoteza zaidi ya dakika 38. Mtu aliye nyuma sana na mwenye timu nzuri ana uhuru ambao wa pili hana.

Usisahau kuhesabu wasaidizi. Kiongozi anayebaki peke yake kilomita 50 kabla ya mwisho yuko hatarini hata kama miguu yake ni mizuri. Pogačar mwaka 2022 alifika Granon akiwa ameshapoteza wenzake wawili kwa sababu ya korona. Angalia orodha ya waliojitoa kila jioni. Ni habari ndogo isiyosomwa na wengi, na ina thamani kubwa.

Sita: ratiba, mapumziko na siku inayofuata

Siku baada ya mapumziko ina wahanga wake. Miili mingine haiamki. Kwenye Vuelta ya 2012 Joaquim Rodríguez alitoka kwenye siku tatu ngumu za milima akiwa bado kiongozi, akapumzika, kisha hatua ya 17 kwenda Fuente Dé ikaonekana nyepesi. Contador, aliyekuwa nyuma kwa sekunde 28, alishambulia takriban kilomita 50 kabla ya mwisho akiwa na wenzake mbele. Rodríguez akapoteza dakika 2 na sekunde 38, na Vuelta ikaondoka hivyo. Hatua kama hiyo, ya ugumu wa kati baada ya mapumziko, mimi huipa angalau asilimia 5 hata kama mchoro wake hautishi.

Hatua fupi za milima nazo ni hatari. Kwenye kilomita 118 za kwenda Formigal mwaka 2016, Contador na Nairo Quintana walichomoka karibu tangu mwanzo, Froome akaachwa bila wasaidizi wa kutosha, na Quintana akashinda Vuelta. Ufupi unamruhusu mtu kuthubutu mapema bila kuogopa kukauka.

Saba: upepo, na yale usiyoweza kuyapanga

Rudi kwenye zile hatua ulizoziwekea alama. Upepo wa mbele au wa nyuma hauna shida sana. Wa ubavuni ndio unaokata kundi, kwa sababu waendeshaji hujipanga mshazari ili kukingana, na upana wa barabara hutosha watu kumi na kitu. Waliobaki wanasukumwa pembezoni, wanahangaika peke yao, na mnyororo wa watu unakatika. Siku mbili kabla ya hatua, angalia utabiri wa hali ya hewa, chukua mwelekeo wa upepo, na uulinganishe na mwelekeo wa barabara. Tafuta pale barabara inapokata kona na kuuelekeza upepo ubavuni. Kona hiyo ndiyo ya kutazama.

Mwaka 2015, hatua ya 2 tu, pwani ya Zeeland huko Uholanzi, Quintana alipoteza dakika 1 na sekunde 28 kwa Froome. Wiki tatu baadaye alishindwa Tour kwa dakika 1 na sekunde 12. Fanya mtihani wa kufuta hatua, uone.

Ajali na mvua ya mawe hazitabiriki, basi. Kwenye Tour ya 2019 hatua ya 19 ilisimamishwa kwa barafu na maporomoko, muda ukachukuliwa kwenye kilele cha Iseran, na Egan Bernal akavaa njano. Pia jua kanuni ya kilomita 3: anayeanguka ndani ya kilomita 3 za mwisho (siku hizi baadhi ya hatua hufikishwa 5) kwenye hatua tambarare hupewa muda wa kundi alilokuwamo, lakini kwenye hatua zinazoishia kileleni kinga hiyo haipo.

Nane: andika asilimia, usitaje hatua moja

Gawa alama 100. Tuseme mbio zina siku moja ya upepo, mlima wa kwanza wa kileleni kwenye hatua ya 9, mbio dhidi ya saa kwenye hatua ya 14, hatua ndefu ya vilele vitatu kwenye hatua ya 17, na mlima wa mwisho kwenye hatua ya 20. Wakiwa wawili wanaolingana, ningeandika hivi: upepo 7, hatua ya 9 alama 15, hatua ya 14 alama 18, hatua ya 17 alama 30, hatua ya 20 alama 20, na 10 kwa hatua nyingine yoyote. Akiwapo mbabe mmoja, ningeinua hatua ya 9 hadi 40 na kupunguza zote zinazofuata. Alama hizo 10 za "nyingine yoyote" usizifute kamwe. Fuente Dé ingekuwa humo.

Kisha rekebisha kila siku ya mapumziko. Kama kiongozi ana zaidi ya dakika 2 na hajaonyesha dalili ya kuchoka, huenda hatua ya kuamua imeshapita, na kazi yako ni kuitambua badala ya kuendelea kuisubiri. Kama mwanya ni chini ya dakika moja na mbio dhidi ya saa bado ziko mbele, hamishia huko alama nyingi, isipokuwa aliye wa pili ndiye mdhaifu dhidi ya saa. Huyo hatangoja: ipe alama zake hatua ya mwisho yenye mlima mkubwa kabla ya mbio hizo, na siku hiyo washa televisheni kilomita 80 kabla ya mwisho.